Msimu wa Nane wa Verna

Port Ferrand, Ontario
Jumapili, 20 Novemba 1983

Dada Ardith,

Huku tu wazima. Theluji ilianza Jumatano na haijakatika. Toivo kashachimba njia ya gari mara nne, na kila akirudi ndani ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeimwaga. Jikoni kiwandani tunapika kama kawaida, supu ya njegere Jumatatu, samaki Ijumaa.

Nina jambo linanikereketa na sina wa kumwambia. Jana klabu yetu ya kuteleza kwenye barafu ilikuwa na mkutano. Wamepitisha kwamba kuanzia msimu ujao, mtu mzima ambaye hajafaulu jaribio la kwanza hatapewa kona ya barafu. Eti watoto wameongezeka na barafu haitoshi. Sasa nikuulize, watu wazima wasio na jaribio la kwanza pale klabuni ni wangapi? Ni mmoja. Ni mimi. Na waamuzi wanakuja kutoka Sudbury mara moja tu, tarehe 17 Machi. Nisipofaulu siku hiyo, viatu vyangu vya chuma nitavitundika msumarini basi.

Wewe uliteleza ukiwa msichana, unajua kinachotakiwa. Namba nane tu. Maduara mawili yanayogusana, moja kwa mguu wa kulia, jingine kwa wa kushoto, uyapitie mara tatu juu ya mstari uleule, kisha waamuzi wapige magoti waukague huo mstari. Watoto wa miaka tisa wanaumaliza mtihani huu kwa msimu mmoja na kuusahau. Mimi nina miaka hamsini na huu ni msimu wangu wa nane. Wa nane, Ardith! Najua mtu mzima hachukui haraka kama mtoto. Mtoto akianguka ananyanyuka anacheka, mimi nikianguka napanda kitandani na chupa ya maji ya moto. Lakini minane?

Kila mwaka ni yaleyale. Bi. Muriel, mwalimu wetu, anasimama pembeni ya kona yangu, kainamisha kichwa kama yuko kanisani, namaliza nane yangu, anavuta pumzi na kusema, "Bado kidogo, Verna. Mwakani." Akiulizwa bado nini, anasema, "Mguu wa kushoto." Hanionyeshi kitu. Hajawahi hata kuinama aniambie tazama hapa, umekosea hapa.

Na sasa sikia hili. Yule mke wa daktari wa meno aliyehamia hapa juzijuzi, Ghislaine Rowsell, ana misimu miwili tu. Jina lake limeshaandikwa kwenye orodha ya Machi. Langu halimo. Roho inaniuma, na machale yananicheza. Kuna kitu hapa.

Msalimie Clifford.

Verna


Winnipeg
1 Desemba 1983

Verna mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, koti sijavua. Wewe una moyo mzuri mno na hilo ndilo tatizo lako tangu utotoni. Hebu tuliza akili nikufumbue macho.

Nani anashona nguo za watoto wote za onyesho la Februari? Wewe. Nani anapika chokoleti ya moto na maandazi kila Jumamosi asubuhi pale uwanjani? Wewe. Nani anampeleka huyo Bi. Muriel nyumbani kwa gari, kwa sababu eti aliacha kuendesha? Wewe wewe. Sasa fikiri kama yeye. Ukifaulu jaribio la kwanza utataka la pili, na la pili analifundisha yule mwalimu wa mji wa Timmins. Utaondoka. Nani atashona? Mtu anayekuhitaji hawezi kukupandisha daraja. Anakuzungusha, mpenzi. Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe unamshukuru.

Huyo wa daktari wa meno hana anachoshona, ndiyo maana anapita.

Usidhani nasema kwa wivu. Na mimi niliambiwa "bado" na mwalimu wangu, misimu mitatu, mpaka nilipofika miaka kumi na sita nikavua viatu na kwenda kufanya kazi posta. Baadaye nikasikia nafasi yangu alipewa binti wa meneja wa benki. Nilijifunza mapema, ndiyo maana hakuna mtu anayenizunguka leo.

Weka macho wazi. Andika tarehe za kila kitu anachokuambia. Na vile viatu vyangu vya zamani bado unavivaa? Kile cha kushoto kinalia bado kama mlango wa ghala? Nilikuwa nikiteleza nacho mbwa wa jirani anabweka. Nacheka peke yangu hapa.

Dada yako,
Ardith


Port Ferrand
Jumapili, 8 Januari 1984

Dada Ardith,

Ahsante kwa glavu. Toivo anasema ni za kike lakini ndizo anazovaa.

Viatu ndivyo hivyohivyo. Cha kushoto bado kinalia, nimezoea, sikisikii tena. Mtu ukipata viatu vizuri vya bure hulalamiki.

Ila sikia, nimegundua kitu. Unajua mimi nateleza Jumanne na Ijumaa alasiri nikitoka kazini. Ijumaa timu ya mpira wa magongo inakuwa safarini, hakuna anayetumia barafu baada yangu. Armand, yule dereva wa gari la kulainisha barafu, anaimwagia maji usiku, Jumamosi watoto wanaikuta kama kioo. Ndivyo ilivyo miaka yote.

Jana nilifika mapema kuliko kawaida kwa sababu ya maandazi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikapita kando ya barafu na kikapu changu, uwanja mzima unang'aa, isipokuwa kona yangu. Kona yangu, Ardith, pale chini ya saa! Kulikuwa na nane imechorwa. Mtu alikuwa ameteleza pale kabla ya mimi kufika.

Nikaweka kikapu chini, nikachukua tochi ya Armand nikapiga magoti kama mwamuzi. Sijawahi kuona duara kama lile kwa karibu. Mistari mitatu imekaa ndani ya upana wa kidole. Duara la kushoto limefunga pale lilipoanzia, halina mahali chuma cha kiatu kililala bapa badala ya kukata kwa ukingo. Kulikuwa na kosa moja dogo pale kwenye kuanza, kama mtu aliyesitasita, basi. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilikaa palepale. Nikawaza, huyu ndiye anayefundishwa. Mimi ninaambiwa bado, na huku kwenye barafu yangu kuna mtu anafundishwa kwa siri alfajiri.

Tena si hilo tu. Pembeni ya mstari kulikuwa na alama za magoti. Mtu mwingine alikuwa amepiga magoti akaukagua.

Nikamuuliza Armand. Akaniangalia usoni akasema, "Nilimwagia uwanja wote jana, Verna. Labda ni panya." Panya! Kisha akaanza kupiga mluzi, na Armand hapigi mluzi hata siku ya mshahara.

Ni Ghislaine. Nina hakika ni Ghislaine. Alikuja saa tatu na binti yake, kapaka rangi ya mdomo, akanunua maandazi mawili akasema, "Verna, sijui tungefanya nini bila wewe." Niligeuka nikajifanya naangalia sufuria.

Mdogo wako,
Verna


Winnipeg
17 Januari 1984

Verna,

Si nilikuambia?

Sasa usimwulize mtu kitu chochote. Ukiuliza wanajipanga. Jumamosi ijayo fika mapema zaidi, ujifiche uone kwa macho yako. Andika saa, andika nani aliingia na nani alitoka. Huyo dereva amewekwa mfukoni, usimwamini hata akikuambia leo ni Jumanne.

Na ukishaona, uniandikie kila kitu, neno kwa neno. Mimi nilifanya kazi posta miaka thelathini na moja, najua barua ya malalamiko inaandikwaje na inapelekwa kwa nani. Ofisi ya waamuzi ya mkoa wana kazi ya kusikiliza mambo kama haya. Mwalimu anayewauzia wengine barafu ya mtu, anapanga nani apite, huyo hafai kuwa na cheti.

Wasiwasi wako wote wa miaka minane una jina sasa. Shika uzi huohuo.

Ardith


Port Ferrand
Jumapili, 5 Februari 1984

Ardith,

Nimeona, na sijui nimeona nini.

Jana nilifika kabla hata taa za maegesho hazijazimwa. Nikaingia kwenye kile kibanda wanachofungiwa wachezaji wa magongo wakifanya rafu, nikakaa chini sakafuni na blanketi la gari. Unaniona? Mama mzima, nimejikunyata kwenye kibanda cha wakorofi! Baridi iliniingia mpaka kwenye meno.

Nane ilikuwepo tayari. Kona yangu tena, na uwanja mwingine wote umemwagiwa maji. Nikangoja nimwone Ghislaine. Ghislaine hakuja.

Aliyekuja ni Bi. Muriel, peke yake, kamshika Armand mkono. Armand akamfikisha kwenye kona akaondoka. Yule mama ana miaka sabini na moja, Ardith. Akashuka magoti taratibu, akavua glavu, akaanza kutambaa. Alipita duara lote la kushoto akipapasa mstari kwa kidole kitupu. Barafu ile, kidole kitupu! Kila baada ya muda anasimama, anakipuliza, anaendelea. Alipofika mwisho akarudia tena tangu mwanzo. Kisha akakaa juu ya visigino, akasema kwa sauti, peke yake, "Haiwezekani."

Sikutoka. Niliona aibu, sijui kwa nini. Aliyekuwa anafanya jambo la siri ni yeye, lakini aibu ilikuwa yangu.

Nimewaza usiku na mchana. Labda anapima mistari ya Ghislaine aandike ripoti yake. Lakini mbona Ghislaine hayupo? Na mbona anapapasa? Waamuzi wanatumia tochi. Toivo kasema, "Kwa nini usimwulize?" Nikamwambia haelewi mambo ya klabu. Akasema ni kweli haelewi, akarudi kwenye redio yake.

Usiandike kwa mtu yeyote bado. Nasikia kitu hakikai sawa. Ngoja nimwendee mwenyewe baada ya onyesho.

Verna


Winnipeg
13 Februari 1984

Verna mpenzi,

Huyo bibi anajua kucheza mchezo. Kutambaa kwenyewe ni kiini macho, alijua uko mle ndani. Wewe unaona huruma na huruma ndiyo iliyokufikisha hapa.

Usijisumbue kwenda kumwomba maelezo. Mambo mengine yanajishughulikia yenyewe. Wewe fanya mazoezi yako, kula vizuri, lala mapema. Machi si mbali.

Hapa baridi imefika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, betri ya gari imekufa na Clifford anaililia kama ndugu.

Dada yako akupendaye,
Ardith


Port Ferrand
Ijumaa, 24 Februari 1984

Bi. Verna Kaskela,

Barua hii anaiandika Armand Lacasse kwa mkono wake, maneno ni yangu mimi Muriel Gagnier. Utaelewa hivi punde kwa nini. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asiongeze chake.

Nimepokea nakala ya malalamiko yako uliyoyapeleka ofisi ya mkoa. Nilisomewa. Umesema nafundisha mtu kwa siri kwenye kona yako, na kwamba nimekuzuia miaka minane kwa faida yangu, kwa sababu ya nguo na maandazi. Chini kuna jina lako. Ni barua iliyoandikwa vizuri. Sikujua una hasira kiasi hicho na mimi. Kila Jumamosi ulinifikisha mlangoni kwangu na kusubiri mpaka niwashe taa.

Jumatatu alikuja mtu wa ofisi hiyo, mstaarabu, hana kosa. Alichora mistari miwili kwenye barafu, akaniuliza upi ni safi na upi chuma kimelala bapa. Nikamwambia sioni hata mmoja. Ndivyo ilivyokwisha. Nimefundisha miaka arobaini na mitatu, na ilikwisha kwa dakika tano.

(Armand hapa. Ameniomba maji. Naongeza changu kidogo ingawa amenikataza. Yule mtu mwenyewe alitoka anafuta macho.)

Macho yalianza kuondoka kama misimu sita iliyopita. Watu nawaona kama vivuli, naona nani anaruka na nani anaanguka. Mstari kwenye barafu siuoni. Sikumwambia mtu. Ningekula nini, ningekaa wapi siku nzima? Nikaanza kusikiliza. Chuma kikikata vizuri hakisemi kitu. Kikilala bapa kinakwaruza. Watoto nimewapitisha wote kwa sikio, na waamuzi hawajawahi kunipinga. Huyo Ghislaine anateleza kimya kabisa, ndiyo maana nilimwandika. Wewe, Verna, mguu wa kushoto unalia. Kila mwaka nasimama pale naomba Mungu unyamaze, na kila mwaka unalia. Nisingekupeleka mbele ya waamuzi ufeli. Nimeona watu wazima wakifeli mara moja tu, mbele ya watoto na majirani, hawarudi tena. Mtoto anarudi kesho yake. Wewe sikutaka uondoke, hilo ni kweli, na si kwa ajili ya maandazi.

Lakini mwaka huu nikaanza kulitilia shaka sikio langu. Nilisikia unavyopumua, unavyosukuma, mwendo wote ni wa mtu aliyekomaa. Iweje mguu bado ulie? Nikamwomba Armand Ijumaa asimwagie maji kona yako, ili Jumamosi nije nikague kwa vidole kabla watu hawajafika. Mistari uliyoiona, na kunishtaki kwayo, hakuna mtu mwingine aliyeichora. Ni yako. Ya Ijumaa yako.

(Nilikuambia ni panya, Verna. Naomba radhi. Sijui kusema uongo.)

Vidole vyangu vimeipita ile nane Jumamosi tano. Ni safi, Verna. Kuna kusitasita kidogo pale mwanzo, kwa sababu unaogopa, basi. Hiyo ni nane ya kufaulu. Sasa sielewi nini kinacholia. Mguu unakwaruza na barafu haina mkwaruzo. Swali hili limenishinda.

Mtu mzima mwoga wa kuanguka, mwenye kazi, anayepata barafu mara mbili kwa wiki, mimi humhesabia miaka minne kuvuka hapo ulipo. Hiyo minne ya kwanza ilikuwa yako. Minne iliyofuata niliichukua mimi, nayo siwezi kukurudishia.

Kabla sijasaini kuacha kazi nilisaini fomu nyingine. Jina lako limo kwenye orodha ya tarehe 17. Nina hasira na wewe na nitakuwa nayo mpaka theluji iyeyuke, kwa hiyo usije kwangu. Nenda ukafanye mazoezi.

Muriel Gagnier

(Ameweka sahihi mwenyewe, imeteremka kidogo. A. Lacasse.)


Port Ferrand
Jumapili, 26 Februari 1984

Ardith,

Uliandika ile barua. Uliandika ukaweka jina langu. Nilikuambia usiandike, na wewe ukaniambia mambo yanajishughulikia yenyewe, nilale mapema!

Naiweka hapa nakala ya barua ya Bi. Muriel uisome. Isome umekaa. Isome mara mbili.

Umemaliza? Basi nikuambie kilichobaki. Nilikuwa naionea wivu nane yangu mwenyewe. Nilipiga magoti na tochi nikamchukia aliyeichora. Sijawahi kuiona kwa sababu nikimaliza huwa nimechoka, natazama saa na kuwaza chakula cha Toivo, na kwa kuwa Bi. Muriel kasema bado, ningeinama kuangalia nini?

Nilirudia ile barua mpaka nikafika pale anapouliza nini kinacholia. Nikainuka nikafungua droo nikatafuta barua yako ya Desemba. "Kile cha kushoto kinalia bado kama mlango wa ghala?" Uliniuliza ukacheka. Ulijua tangu ukiwa na miaka kumi na sita. Na mimi nilikujibu nimezoea.

Asubuhi hii nimekipeleka kwa fundi wa viatu vya magongo, kafungua duka Jumapili kwa ajili yangu. Kakigeuza, kasukuma chuma kwa kidole gumba, kikalia, kwiii. Skrubu tatu za kisigino zimelegea na matundu yameoza. "Mama, hiki kina miaka mingi hivi," kaniambia. Kaziba matundu kwa vijiti na gundi, katia skrubu mpya. Kazi ya robo saa.

Robo saa, Ardith. Mimi nimepoteza miaka minne na yule mama kapoteza barafu yake.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Verna


Winnipeg
5 Machi 1984

Verna,

Nina la kusema na ni fupi.

Ni mimi. Nilitia jina lako kwa sababu niliona langu halina uzito kule. Nilikuwa na hakika. Nimekuwa na hakika miaka arobaini kwamba mwalimu wangu alinizunguka kwa ajili ya binti wa meneja wa benki, na nilipoisoma barua yako ya kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilimpata tena.

Jana nimemwuliza Clifford kama yule mwalimu wangu naye alikuwa akisimama na kusikiliza. Clifford hakujua, alikuwa hanijui wakati ule. Lakini nakumbuka kwamba kila nikimaliza nane yangu alisema, "Mguu wa kushoto, Ardith." Viatu ni vilevile.

Sikujua kwamba mlio una maana. Naapa. Niliona unachekesha.

Nimeandika kwa ofisi ya mkoa kwa jina langu mimi, nikasema nani aliandika barua ile. Hawatamrudishia macho, najua. Na yeye nimemwandikia, kwa herufi kubwa, ingawa nadhani atasomewa na huyo dereva. Naona haya hata kuwaza atakavyoisoma.

Teleza vizuri tarehe 17.

Ardith


Port Ferrand
Jumapili, 18 Machi 1984

Dada Ardith,

Nimefaulu. Naliandika kwanza ili usiruke mistari kulitafuta.

Waamuzi watatu, wawili wamenipa, mmoja kaninyima kwa sababu ya kusitasita pale mwanzo. Wawili wanatosha. Toivo alisimama kwenye jukwaa na glavu zako akapiga makofi kabla ya wakati, mpaka mwamuzi akamtazama. Ghislaine naye amefaulu, akanikumbatia, na nikagundua ni mwanamke mzuri tu anayependa maandazi. Nimemwomba radhi kimoyomoyo, kwa mdomo bado sijaweza.

Najua unataka kuuliza. Alikuja. Aliniambia nisiende kwake na sikwenda, nikawa naacha maandazi kwenye ngazi zake kila Jumamosi, bati likirudi tupu limeoshwa, bila neno. Barua yako alisomewa na Armand. Aliposikia mpaka mwisho kasema, "Huyu naye mguu wa kushoto," kisha kasema isomwe tena. Zaidi ya hapo sijui. Hasira bado anayo, na ana haki. Theluji yenyewe haijayeyuka.

Mimi na wewe tutazungumza utakapokuja kiangazi. Nimeudhika na wewe vibaya sana, na bado nakupenda, lakini jina langu usiliandike tena popote ila juu ya bahasha.

Miaka minane kwa nane moja! Jana jioni nilikaa jikoni nikaanza kuwaza jaribio la pili, nikajikuta nahesabu nitakuwa na umri gani, Toivo akaninyang'anya kalamu.

Nikumalizie hili, nimesimuliwa na Armand. Alimkalisha Bi. Muriel safu ya mbele, karibu na kona yangu, chini ya saa. Nilipoitwa jina, uwanja ulinyamaza, hata ile mitambo ya baridi Armand alikuwa kaizima kwa muda, jambo ambalo haruhusiwi. Bi. Muriel akainamisha kichwa chake kama kawaida yake, akaweka mkono sikioni, akangoja.

Mimi nikasukuma. Kulia mara moja, kushoto mara moja, tena, tena. Sikusikia kitu. Nilidhani masikio yameziba kwa woga.

Akangoja weee. Mwisho akamvuta Armand mkono wa koti, kwa sauti ya wasiwasi, akamwuliza, "Mbona haanzi? Kaogopa? Mwambie aanze tu."

Armand kasema, "Amemaliza, Bi. Muriel. Waamuzi wako magotini."

Mdogo wako,
Verna